Uzito wa Wasio na Neno

Mwaka ule wa 1971 Miraji alikuwa mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya sekondari mjini Unguja, na aliamini kwamba swali likiulizwa sawasawa hupata jibu. Imani hiyo alirudi nayo kutoka Ujerumani Mashariki, alikosomea, na ilimfaa katika kila jambo mpaka siku alipoposa.

Posa yenyewe ilikwenda kama desturi inavyotaka. Mshenga alikuwa ami yake, Mzee Mabrouk, fundi cherehani wa Mkunazini, mtu ambaye hata akikudai shati alilokuazima unaweza kudhani anakusifu. Aliyeposwa alikuwa Shemsa, mwalimu wa hesabu katika skuli ile ile. Baba yake Shemsa alikwisha fariki, kwa hiyo Mabrouk aliipeleka posa kwa walii wake, yaani ami yake, Mzee Borafya wa Mpendae.

Borafya alikuwa mtu wa kuonekana. Kofia yake ya viua haikupata kushika doa, sauti yake ilivuka nyumba mbili tatu, na hapakuwa na shughuli Mpendae ambayo hakuketi mbele. Alimsikiliza Mabrouk mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Tumesikia. Tutakujibuni, inshaallah."

Baada ya hapo, kimya.

Wiki zikapita. Miraji akapata habari kutoka ofisini kwamba muhula ukimalizika atahamishiwa Pemba. Alijua maana yake. Kama jibu halikuja kabla ya muhula kwisha, angepanda meli peke yake, na posa iliyoachwa ikining'inia huku mwenyewe yuko Pemba, Unguja nzima ingeihesabu kuwa imekataliwa. Hakuna ambaye angesema hivyo. Siku moja tu angesikia kwamba Shemsa ameolewa na mtu mwingine.

"Ami, kwani wanasemaje?" alimwuliza Mabrouk, aliyekuwa ameinamia cherehani.

"Hawasemi."

"Hawasemi ndiyo, au hawasemi hapana?"

"Hawasemi, Miraji. Hayo mengine umeyaongeza wewe."

Siku zile Miraji alikuwa akitayarisha somo la elimu ya nyota kwa wanafunzi wakubwa. Alikuwa na picha moja kubwa, nyeusi, aliyopewa na mwalimu wake kule Ujerumani, imejaa vidoa vyeupe. Aliitandaza juu ya meza katika chumba cha walimu, akaibana pembeni kwa chupa za wino. Shemsa aliingia na mzigo wa madaftari ya wanafunzi, akasimama kuitazama.

"Haya matone ya nini, Mwalimu? Nani kakumwagia tui?"

"Si matone. Hizi ni galaksi. Kila moja ina nyota mabilioni kwa mabilioni."

"Na zimekusanyika hapa kufanya nini?"

"Ni kundi. Zinazungukana." Miraji alipenda kuulizwa, na sauti yake ilikaa sawa kama iko darasani. "Mwendo wake umepimwa. Zinakwenda mbio, mamia ya kilomita kwa sekunde. Ukijumlisha uzito wa kila kinachong'aa humu, hautoshi kuzishika zisikimbie. Kwa hesabu, kundi kama hili lingekwisha tawanyika zamani sana."

"Na halijatawanyika."

"Halijatawanyika. Kwa hiyo lazima kipo kitu kingine ndani yake, kizito pengine mara kumi au zaidi ya vyote tunavyoviona. Hicho ndicho kinachozishika."

"Kitu gani?"

"Hakionekani."

"Mimi nimeuliza kitu gani. Sikuuliza kama kinaonekana."

Miraji alisogeza chupa moja ya wino. "Bado kinachunguzwa."

"Kwa hiyo hamkijui, lakini uzito wake mnaujua. Mwanafunzi wangu akiniletea hesabu ya namna hii nampa sifuri, namwambia akamwite mzee wake." Alicheka, akaweka kidole chenye vumbi la chaki juu ya picha. "Na hili duara jekundu?"

"Nimeonyesha katikati ya kundi. Ni ile galaksi inayong'aa kuliko zote."

"Nani kasema ndiyo katikati?"

"Kwa kawaida ndivyo inavyokuwa."

"Kwa kawaida," alirudia Shemsa, kama mtu anayeonja mchuzi na kuona haujakolea. Alichukua rula ya Miraji bila ya kuomba, akapima huku na huku, midomo ikicheza bila ya sauti. "Tazama zilivyosongamana. Zimekuwa nyingi upande huu wa kushoto, zinapungua kadiri unavyotoka nje. Katikati yake ni hapa." Akagonga mahali pasipokuwa na kidoa hata kimoja. "Hiyo yako kubwa imekaa pembeni na mwangaza wake. Wewe umeweka alama penye taa."

Miraji alipima mwenyewe. Hesabu ilikuwa upande wa Shemsa.

"Mwalimu Miraji, nakusikitikia kweli," alisema Shemsa akikusanya madaftari yake. "Mtu mzima, umesoma, na una mazoea ya kwenda penye taa."

Alitoka. Miraji alifundisha kipindi kizima cha joto na baridi kabla ya kutambua kwamba maneno yale ya mwisho hayakuhusu galaksi.

Ijumaa iliyofuata ilisomwa hitima ya marehemu baba yake Shemsa, kama ilivyosomwa kila mwaka nyumbani kwa Borafya. Miraji alikwenda, akakaa karibu na mlango, na mara dua ilipokwisha akaanza kuangalia watu kwa jicho la kazi. Wanaume walikuwa ukumbini juu ya majamvi. Wanawake walikuwa uwani, nyuma ya pazia. Borafya aliketi mbele, aking'aa.

"Kahawa ije sasa hivi!" Borafya aliamrisha. Kisha akainuka, akapita nyuma ya pazia, akakaa kidogo, akarudi. Vijana walikuwa wameanza kupitisha vikombe. "Nani kasema kahawa ije sasa?" alinguruma. "Watu hawajala! Ondoeni!"

Miraji aliweka jambo hilo moyoni. Baadaye Borafya alisema mbele ya watu wote kwamba jamvi jipya lisitandikwe nje, akapita nyuma ya pazia, akarudi akagombana na vijana kwa nini jamvi jipya halijatandikwa nje. Na hakuwa yeye tu. Kila mtu wa ukoo ule aliyesimama alielekea huko huko, akarudi upesi na maneno mapya mdomoni. Ushahidi ulimtosha. Mwendo wao ulikuwa mkubwa kuliko uzito wa mtu yeyote aliyeonekana ukumbini, kwa hiyo uzito uko uwani. Alimwuliza aliyekaa karibu naye, bila ya kuonyesha haja, nani aliyeko huko. Akaambiwa ni Bi Mwanapili, dada mkubwa wa Borafya, shangazi yake Shemsa.

Kesho yake alimshika ami yake mkono wakaenda Mpendae. Walimkuta Bi Mwanapili uwani amesimama, kinu mbele yake na mchi mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Mabrouk alifungua mdomo aanze kuuliza habari za afya, za jirani, za mvua na za bei ya sukari, lakini Miraji alimtangulia. Alisema kwamba amekuja kwa ile posa, na angependa kujua Bi Mwanapili ana maoni gani.

Mchi ulisimama hewani. Mabrouk akatazama chini kama mtu aliyedondosha sindano.

"Mimi?" alisema Bi Mwanapili. "Mimi, mwanangu, mtu wa jikoni tu. Mimi sina neno. Lakini huyo mtoto ana wajomba zake, usisahau."

Njiani Mabrouk alisimama walipofika Darajani. Hapo akasema, "Ujerumani huwa hawaulizani hali?"

Mjomba wa Shemsa aliitwa Bakar, na alikuwa na duka la kamba na misumari karibu na soko la Mkokotoni. Jumamosi iliyofuata Miraji alipanda gari la shamba peke yake, akafika akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alijieleza kwa ufupi: jina, skuli alizosoma, chuo, shahada, cheo, uhamisho wa Pemba. Bakar alisikiliza huku akimpimia mteja kamba kwa mkono.

"Hongera," alisema Bakar. "Mimi sina neno. Lakini mama yupo ndani, kaja kutoka Tumbatu. Pita umwamkie."

Bi Sichana, bibi yake Shemsa mzaa mama, alikuwa amekaa kwenye jamvi akisuka ukili. Alimtazama Miraji tangu viatu mpaka miwani, akaitikia salamu, akamwambia chakula ki tayari, samaki kaungwa sasa hivi. Miraji alishukuru, akasema gari litamwacha. Akauliza swali lake.

"Mie sina neno, mjukuu wangu," alisema Bi Sichana. "Wenye mtoto wako mjini. Mwulize Borafya."

Jumatatu Miraji alimpata Shemsa katika chumba cha walimu, akafunga mlango nusu, kama heshima ilivyotaka.

"Nimekwenda kote," alisema. "Ami yako kasikia. Shangazi yako hana neno. Mjomba wako hana neno. Bibi yako hana neno, na kanirudisha kwa ami yako."

"Basi furahi. Kumbe huna adui."

"Bi Shemsa, hii haiingii akilini. Kila mmoja wao ukimpima ni sifuri. Sifuri ukizijumlisha ni sifuri. Lakini posa haisogei hata shibiri. Kitu gani kinaizuia?"

Shemsa alikuwa akisahihisha hesabu za wanafunzi. Hakuinua kichwa. "Ule uzito wako wa kwenye picha, usioonekana, umo ndani ya galaksi ipi?"

"Haumo ndani ya yoyote. Yaani, hatudhani hivyo. Kwa hesabu zilivyo, inaelekea umetanda kundi zima. Umekuwa mwingi katikati, unapungua ukienda nje. Galaksi zenyewe zimo ndani yake tu, kama sisi tulivyo ndani ya hewa."

"Ehe."

"Ehe nini?"

"Hukula Mkokotoni."

Miraji alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Hewa."

Akaweka kalamu chini. Alikuwa anacheka, lakini si sana. "Sikiliza, Mwalimu. Samaki wa bibi yangu umemkataa, umesema gari litakuacha. Mjomba umemsomea vyeti, yeye anapima kamba. Shangazi umemwuliza mambo ya posa kasimama na mchi mkononi, hata hujui kama kaamka salama. Umekwenda kwa watu kama mkaguzi wa skuli. Watu hawa mbele yako hawatakuwa na neno, hata ukae mwaka. Neno wanakuwa nalo ukishaondoka, wakikaa wao kwa wao. Na ukishaondoka wanazungumza nini? Kwamba umeondoka."

"Basi niwaulize nini?"

"Mungu wangu," alisema Shemsa, akarudi kwenye madaftari yake.

Miraji alifikiri jambo lile siku kadhaa, na hakulipenda. Kitu kisichokuwa ndani ya mtu yeyote, kilichotanda baina ya watu, hakikuwa na mahali pa kuwekea rula. Lakini alikuwa mkweli kwa ushahidi, na ushahidi ulikuwa kwamba safari zake zote zimefanya mambo kuwa mabaya zaidi. Jumamosi akapanda tena gari la Mkokotoni. Safari hii hakuwa na swali. Alibeba ile picha kubwa, imeviringishwa ndani ya gazeti, kwa sababu hakujua mtu asiye na swali anashika nini mikononi.

"Umesahau kitu?" Bakar alimwuliza.

"Hapana, mjomba. Nimekuja kukutazameni tu."

Bakar alimtazama, akasogeza furushi la kamba kwenye benchi. "Kaa basi."

Akakaa. Wateja waliingia na kutoka. Akaulizwa kuhusu mafuta ya taa mjini, akajibu. Akaulizwa kama ni kweli Wajerumani hula viazi asubuhi na jioni, akajibu kwa marefu, na watu wakamwonea huruma. Adhuhuri Bi Sichana aliita kutoka ndani chakula kimeiva, na Miraji akala samaki wa kuungwa na wali mpaka gari la mjini likapiga honi, likasubiri, likaenda zake.

"Hilo limekuacha," alisema Bi Sichana kwa ridhaa ya dhahiri. "Haya, nionyeshe hilo gazeti umelibeba kama mtoto mchanga. Shemsa ananambia unapima vitu usivyoviona."

Miraji aliitandaza picha juu ya jamvi. Akaeleza kundi, mwendo, uzito. Bi Sichana alisikiliza vizuri, vidole vikiendelea na ukili peke yao.

"Sasa hicho kikubwa kinachozishika hizi, ndicho hukioni?"

"Sikioni, bibi."

"Na ni nini?"

Kule darasani Miraji alikuwa na majibu ya swali kama hilo. Angeweza kusema kinachunguzwa. Angeweza kutaja maoni mawili matatu ya wataalamu, yakajaza nafasi. Lakini alikuwa ameshiba, gari lilikuwa limekwisha kwenda, na ukweli ulikuwa mmoja.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Sijui, bibi."

"Ujerumani umekaa miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na hujui."

"Hata walimu wangu hawajui."

Bi Sichana aliweka ukili chini. Mabega yakaanza kutikisika kabla ya sauti kutoka. "Bakar!" aliita. "Bakar, njoo umsikie huyu! Kaenda mpaka Ujerumani, kakaa miaka mitano, kajifunza kutojua!"

Bakar alikuja mlangoni. "Alaa! Mbona sisi tumejifunza hapa hapa, bila ya nauli?"

Walicheka mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini, naye akaambiwa, naye akacheka, akaondoka na habari ile mbichi kama ilivyo. Miraji alihisi masikio yanamchoma. Akatafuta kosa katika jibu lake, hakuliona. Hajui. Lilikuwa jambo sahihi kuliko yote aliyoyasema Mkokotoni tangu aanze kuja, hata yale ya vyeti. Mwishowe akacheka na yeye, kidogo, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Alilala kwa Bakar, akarudi asubuhi kwa gari la kwanza. Habari ilikuwa imemtangulia, ingawa hakuona gari lolote lililompita njiani. Alipokwenda Mpendae siku mbili baadaye kumjulia hali Bi Mwanapili, akiwa amejiandaa kwa afya, jirani, mvua na sukari, alikaribishwa kabla ya kufungua mdomo.

"Wee usiyejua, pita ndani! Nshakuwekea mkate wa kumimina. Mkate unaujua?"

"Mkate naujua, shangazi."

"Alhamdulillahi. Ujerumani hawakukuharibu wote."

Neno la posa halikutajwa. Wala yeye hakulitaja, na kwa mara ya kwanza halikumtoka kwa bahati mbaya. Lakini muhula ulibaki na siku chache, na alipokuwa akifunga vitabu vyake katika sanduku la Pemba alijua vizuri kabisa kwamba hana jibu. Mkate si jibu, wala kicheko si jibu.

Jioni moja alipita Mkunazini kumuaga ami yake. Mabrouk alikuwa ana kitambaa cheupe mapajani.

"Inua mikono," alisema Mabrouk, akampima bega kwa bega.

"Kwa nini?"

"Kanzu ya arusi, siikati kwa kubahatisha."

"Arusi ya nani?"

Mabrouk alimtazama juu ya miwani. "Miraji, usinichezee. Nina kazi."

"Ami, tumejibiwa?"

"Kwani hukujibiwa?"

"Na nani?"

Mabrouk alifikiri, sindano mdomoni. Alikuwa amesikia msikitini, kutoka kwa mtu aliyesikia kwa jirani yake Borafya kwamba Bi Mwanapili ameanza kutafuta kanga za arusi. Hilo kwake lilitosha. Kwa Miraji halikutosha hata robo. Alikwenda Mpendae siku ile ile. Borafya alikuwa barazani na kofia yake.

"Hujajibiwa!" alisema Borafya, akashangaa kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Mimi nilijua dada kakujibu!"

Bi Mwanapili, nyuma ya pazia, alisema yeye alijua Bakar kamjibu, kwa sababu watu wa Mkokotoni ndio walioleta habari kwamba mambo yamekwisha. Miraji hakuwa na haja ya kwenda Mkokotoni kujua kwamba Bakar ataapa ni mama yake, na mama yake ataapa ni watu wa mjini. Alijaribu kutafuta aliyelitamka neno lile mwanzo, akafika mpaka kwa yule jirani wa dirishani, akaacha. Jibu lilikuwapo. Lilikuwa ndiyo. Hapakuwa na mtu aliyelitoa.

Siku ya mwisho ya muhula alimkuta Shemsa peke yake katika darasa tupu, anafuta ubao.

"Wamekubali," alisema Miraji. "Nasikia."

"Na mimi nasikia."

"Lakini wewe sijakuuliza. Naona niliwazunguka wote, wewe nikakuacha."

"Nilikuwa nahesabu utachukua muda gani kuliona hilo." Shemsa alikung'uta mikono, chaki ikaruka. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Mimi nitakuja Pemba kwa sharti. Nafundisha. Sikai nyumbani kukungoja. Nenda ofisini leo, kabla hawajafunga, waambie wanahamisha walimu wawili. Wakikataa, mimi nabaki hapa na wewe utangoja. Hilo ndilo jibu langu, na hili limetoka kwa mtu mmoja, unaweza kuliandika."

"Nitakwenda sasa hivi," alisema Miraji. Alitazama saa, akahesabu mwendo mpaka ofisini, akaona anawahi. Akageuka mlangoni. "Hesabu utafundisha wewe, bila shaka."

"Hesabu, na elimu ya nyota pia."

"Elimu ya nyota ni somo langu!"

"Tutagawana. Wewe chukua yanayoonekana. Hayo mengine niachie mimi."

Miraji alipiga hesabu upesi, kama kawaida yake. "Yanayoonekana ni sehemu ndogo sana," alilalamika.

"Ndiyo," alisema Shemsa. "Ofisi inafungwa."